Kusoma Kinasa cha Ndege: Istilahi za Mwendo na Kauli za Vitenzi

Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, iliingia katika maji ya Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo. 19 walifariki na 24 wakaokoka. Wavuvi wa mahali hapo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuwaokoa.

Msiba ule ulizungumzwa nchi nzima, na ulizungumzwa kwa Kiswahili. Katika mazungumzo ya namna hiyo husikika kwamba ndege "imeanguka", "imetua majini", "imepoteza mwelekeo" au "imeshuka kwa kasi". Msemaji huyatumia maneno haya kana kwamba ni mamoja, lakini kila moja lina dai lake. Asemaye kwamba ndege imetua anadai kwamba palikuwa na mkono ulioishusha. Asemaye kwamba imeanguka anadai kwamba mkono huo haukuwapo au haukufaa kitu. Asemaye kwamba imepoteza mwelekeo anadai habari ya pua ya ndege, ingawa pengine yeye mwenyewe hakukusudia kusema habari hiyo.

Madai haya si ya kukisiwa. Ndani ya ndege ya abiria mna chombo kinachoandika mwendo wake, na baada ya ajali wataalamu huyasoma maandishi hayo. Taarifa wanayoitoa aghalabu huandikwa kwa lugha ya kigeni, kisha humfikia mfasiri, mwandishi wa habari, mwalimu na ofisa wa serikali. Hao ndio wanaopaswa kuwaambia wananchi, na hasa wafiwa, jambo lililotokea.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi namna kinasa cha ndege kinavyosomwa, kupendekeza istilahi chache za mwendo wa ndege, na kuonyesha kwamba hatari kubwa zaidi katika kufasiri habari hizi haimo katika majina bali katika vitenzi. Lugha yetu ina kauli za vitenzi zinazotenganisha jambo lililotokea na jambo lililotendwa na mtu. Kinasa nacho hutenganisha hayo mawili. Mfasiri asipoilinganisha kauli na ushahidi, anaweza kumtia hatiani asiye na hatia, au kumsafisha anayepaswa kuulizwa.

Kisanduku kisicho cheusi

Jina lililoenea katika magazeti ni "kisanduku cheusi". Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, kisanduku hicho si cheusi: hupakwa rangi ya machungwa inayong'aa ili kionekane katika mabaki. Pili, aghalabu vinasa ni viwili. Kimoja hunasa sauti za marubani na milio ya chumba chao. Cha pili hunasa vipimo vya mwendo wa ndege na vya mitambo yake. Kwa kuwa neno "kinasa sauti" limekwisha kuzoeleka, tunapendekeza kinasa sauti kwa cha kwanza na kinasa mwendo kwa cha pili. "Kisanduku cheusi" libaki katika mazungumzo, lakini lisitumike katika taarifa rasmi, kwa sababu halimwambii msomaji ni kinasa kipi kilichosema jambo.

Chombo hiki kina historia ya misiba. Mwanasayansi wa Australia David Warren, ambaye baba yake alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1934, alipendekeza mwaka 1954 kwamba ndege ichukue chombo cha kutunza sauti na vipimo vya safari, wakati ambapo ndege za Comet zilikuwa zikianguka na watu wakikosa kujua kwa nini. Vinasa mwendo vya zamani vilikwaruza juu ya utepe wa madini mistari ya mambo machache tu: saa, kimo, kasi, mwelekeo na mchapuko wa wima. Vya siku hizi hutunza mamia ya vipimo kwa saa 25 za mwisho. Hutengenezwa vistahimili mgongano mkubwa mno, moto wa nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, na kina cha maji cha mita 6,000. Na vikizama, chombo kilichofungwa navyo hutoa mlio wa kuwaongoza watafutaji.

Safari ya namba

Hapana budi ieleweke kwamba kinasa mwendo hakina picha wala hadithi ndani yake. Kina safu ndefu ya tarakimu za sifuri na moja. Kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kuzigeuza tarakimu hizo ziwe vipimo vinavyoeleweka, na kwa kazi hiyo anahitaji waraka maalumu wa aina ile ya ndege unaoeleza kwamba kundi hili la tarakimu ni kimo, na lile ni pembe ya usukani. Bila waraka huo namba hazisemi kitu, kama vile daftari la duka lisemavyo machache kwa mtu asiyejua mwenye duka alikuwa akiandika kwa mafumbo gani.

Kazi ya pili ni kuhakiki. Ndege ikiwa imesimama uwanjani, kasi yake haina budi kuwa sifuri, mabawa yawe sawa, na mwelekeo wa pua ulingane na mwelekeo wa njia ya kurukia. Kihisi kinachosema vingine kina hitilafu, na hitilafu hiyo itakuwa imeendelea hadi mwisho wa safari.

Kazi ya tatu ni kulinganisha vinasa viwili kwa saa moja, ili neno lililosemwa na rubani likae mahali pake kando ya mwendo uliotokea wakati huo.

Hapo pana mtego ambao mfasiri hana budi kuujua. Vipimo havichukuliwi vyote kwa wakati mmoja. Mchapuko wa wima huweza kupimwa mara 8 kwa sekunde, na kipimo kingine mara moja tu. Ndege iendayo mita 70 kwa sekunde hupita urefu wa karibu viwanja 7 vya mita 10 baina ya kipimo na kipimo kifuatacho. Kwa hiyo namba mbili zilizoandikwa ndani ya sekunde moja hazituambii daima ni ipi iliyotangulia. Taarifa ikisema kwamba usukani uligeuka na ndege ikalalia upande "katika sekunde hiyo hiyo", mfasiri asiandike "rubani aligeuza usukani, ndege ikalalia upande". Kiambishi -ka- katika masimulizi yetu hupanga mambo kwa kufuatana, na msikilizaji husikia ndani yake kwamba la kwanza limezaa la pili. Pasipo ushahidi wa mfuatano, inafaa kusema "usukani uligeuka, na katika sekunde hiyo ndege ililalia upande".

Mizunguko mitatu

Chombo kilicho angani huweza kuzunguka kwa namna tatu. Pua huweza kwenda juu au chini. Bawa moja huweza kushuka na jingine kupanda. Pua huweza kwenda kushoto au kulia hali mabawa yamekaa sawa. Mizunguko hii mitatu ndiyo msingi wa usomaji wote wa kinasa mwendo, na kila mmoja unahitaji jina lake.

Mabaharia wetu wanalo neno mrama. Chombo kilichoyumbishwa na mawimbi huambiwa kinakwenda mrama, na lugha ya kila siku imelichukua neno hilo kwa mambo yote yaliyoharibika. Ni neno zuri, ila halifai hapa, kwa sababu katika matumizi limekusanya kila namna ya kuyumba, na tunachohitaji ni kutenganisha.

Istilahi haipimwi mezani peke yake. Ilipimwa pia Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, mahali ambapo mabasi na malori ya barabara ya Singida kwenda Nzega husimama. Mji ule uliteuliwa kwa makusudi. Hauna uwanja wa ndege, na watu wake wengi huziona ndege zikiwa juu tu. Neno litakaloeleweka hapo litaeleweka kwingi. Aidha, barabara yenyewe ni somo. Kutoka Iguguno gari huelekea Misigiri, ambako njia ya Kiomboi huchepuka, kisha huteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui. Dereva wa njia hiyo anaijua mizunguko yote mitatu: huinamisha pua ya gari Sekenke, huligeuza Misigiri, na hulisikia likilalia upande magurudumu ya kando yanapotoka kwenye lami.

Madereva, utingo na walimu wa sekondari walionyeshwa daftari lililoshikwa kama ndege, wakaulizwa linafanya nini. Matokeo yake yanafaa kuzingatiwa.

Neno kuinama lilitajwa mara nyingi, lakini kwa maana mbili. Gari literemkalo "limeinama", na lori lililopakiwa vibaya nalo "limeinama kushoto". Kwa hiyo "mwinamo" pekee halitoshi. Lazima lisindikizwe na pua.

Neno kulala lilitajwa na karibu kila dereva kwa mzunguko wa upande. Hata hivyo gari "lililolala" laweza kuwa limepinduka kabisa, na basi "linalolala Singida" haliko katika hatari yoyote, bali limefika mwisho wa safari ya siku hiyo. Mwalimu wa hisabati aliongeza pingamizi kubwa zaidi: darasani "mlalo" ni jina la mstari uliokaa sawa na upeo wa macho. Kwa mwanafunzi wake, ndege iliyo katika hali ya mlalo ni ile ambayo haijalalia upande hata kidogo. Istilahi inayoweza kueleweka kinyume cha maana yake ni mbaya kuliko kutokuwa na istilahi.

Kwa sababu hizo yanapendekezwa maneno yafuatayo. Kwa mzunguko wa upande, mlalio, kutokana na kitenzi kulalia, kama vile chombo cha baharini kinavyoambiwa kimelalia upande mmoja. Kwa mzunguko wa juu na chini, mkao wa pua. Jina hilo linafaa zaidi kuliko mwinuko na mwinamo kwa kuwa kinasa hutoa kipimo kimoja tu, chenye alama ya chanya pua ikiwa juu na ya hasi ikiwa chini. Na isitoshe, "mwinuko" limekwisha kushika maana ya kimo cha ardhi. Kwa mzunguko wa kushoto na kulia, mgeuko wa pua.

Kimo na kasi

Maneno mawili ya kawaida yanahitaji kuangaliwa zaidi: kimo na kasi.

Kinasa mwendo hupata kimo kwa kupima mgandamizo wa hewa. Kipimo hicho hulinganishwa na mgandamizo sanifu wa hektopaskali 1,013.25, ndipo mchunguzi akisahihishe kwa hewa halisi ya siku ile. Hata baada ya kusahihishwa, kimo hicho ni cha kutoka usawa wa bahari, si kutoka ardhini. Uwanda wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Ndege inayosomeka mita 2,000 juu ya Dar es Salaam iko mbali na paa lolote. Ikisomeka mita 2,000 juu ya uwanda huo, imebakiza mita 500 tu. Uso wa Ziwa Viktoria uko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hivyo ndege iliyokwisha kugusa maji ya Bukoba bado huonyesha kimo cha zaidi ya mita elfu moja. Mfasiri akiandika "ndege ilikuwa na urefu wa mita 1,200" bila kusema ni kutoka wapi, ameandika habari isiyo na maana. Tunapendekeza kimo bahari na kimo ardhi.

Kasi nayo ni mbili. Kasi hewani ni ile ambayo ndege inakata hewa. Hiyo ndiyo inayoyabeba mabawa. Kasi ardhini ni ile ambayo ndege inapita juu ya nchi. Upepo wa Singida unajulikana kwa nguvu zake. Ndege inayokwenda dhidi ya upepo wa mbisho wa kilomita 60 kwa saa huweza kuwa na kasi hewani ya 300 na kasi ardhini ya 240, na namba zote mbili zikawa sahihi. Kadhalika mwelekeo wa pua si njia ya ndege: upepo wa ubavuni huifanya ndege ielekeze pua upande mmoja huku ikipita kwingine, kama mtumbwi unaovuka mto wenye mkondo.

Lakini neno hatari kuliko yote ni lile tulilolitaja mwanzoni: kushuka kwa kasi. Kwa Kiswahili fasaha maneno hayo yana maana mbili zilizo mbali kabisa. Ya kwanza ni kwamba kasi ilipungua. Ya pili ni kwamba ndege ilikwenda chini upesi. Ndege inayopungukiwa na kasi hewani ina tatizo moja. Inayokwenda chini upesi ina tatizo jingine, na kasi yake hewani pengine inazidi kukua. Katika taarifa ya ajali, utata huu hauvumiliki. Itumike kupungua kwa kasi kwa maana ya kwanza, na kasi ya kushuka, pamoja na kipimo chake cha mita au futi kwa dakika, kwa maana ya pili. "Kushuka kwa kasi" lisitumike kabisa.

Kauli za vitenzi: mfano wa Douala

Sasa tufikie kiini cha makala haya. Katika kinasa mwendo kuna vipimo vya namna mbili. Vya kwanza huonyesha ndege ilifanya nini: mlalio, mkao wa pua, kimo. Vya pili huonyesha iliamriwa nini: usukani uligeuzwa kiasi gani, na mtambo-rubani, yaani mtambo unaoiongoza ndege badala ya mkono wa mtu, ulikuwa umewashwa au la. Kusoma kinasa ni kuviweka vipimo hivi viwili sambamba na kuuliza: je, mwendo huu una amri iliyouzaa?

Kiswahili kina chombo tayari kwa swali hilo. Twasema ndege ililalia upande, kauli ambayo haimtaji mtendaji. Twasema rubani aliilaza ndege, kauli ya kutendesha, yenye mtendaji na kusudi. Twasema ndege ililazwa, ambapo mtendaji yupo lakini bado hajatajwa. Hizi si njia tatu za kupamba jambo moja. Ni madai matatu, na kila dai lina ushahidi wake.

Tuchukue mfano wa ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, aina ya Boeing 737-800, iliyoruka kutoka Douala nchini Kameruni kwenda Nairobi muda mfupi baada ya saa sita ya usiku, tarehe 5 Mei 2007. Palikuwa na giza na hali mbaya ya hewa. Ndege ilianguka katika kinamasi cha mikoko muda usiotimia dakika mbili baada ya kuruka, na watu wote 114 walifariki.

Vinasa vilipatikana, na taarifa ya wachunguzi ilitolewa mwaka 2010. Walichosoma ni hiki. Tangu mwanzo ndege ilikuwa na tabia ndogo ya kulalia kulia, na rubani alikuwa akiirekebisha. Kisha alisema maneno ya kuagiza mtambo-rubani uwashwe. Kinasa sauti kina agizo hilo. Hakina jibu la rubani msaidizi. Kinasa mwendo nacho hakionyeshi kwamba mtambo uliwashwa wakati huo. Kwa muda wa sekunde 55 hapakuwa na amri yoyote ya usukani, na mlalio wa kulia ukakua polepole bila mtu kuugundua. Onyo la mtambo lilipolia, mlalio ukiwa karibu nyuzi 35, usukani uligeuzwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena kwa nguvu zaidi. Mlalio ukapita nyuzi 90, na ndege ikaenda chini.

Mfasiri atasemaje? Akiandika "rubani aliilaza ndege kulia hadi ikaanguka", amekosea sehemu ya kwanza, kwani kwa sekunde 55 hakuna aliyeilaza: ililalia yenyewe, na wawili waliokuwamo kila mmoja huenda alidhani ina mwongozaji. Akiandika "ndege ililalia kulia hadi ikaanguka", amekosea sehemu ya pili, kwani baada ya onyo mkono wa mtu uliongeza mlalio. Sentensi ya haki ina kauli mbili: "Ndege ililalia kulia kwa sekunde 55 bila amri ya usukani, baada ya onyo, rubani aliilaza zaidi upande huo huo." Maneno yaliyozidi ni machache. Lakini ndani yake ndimo mnamosomeka jambo ambalo wachunguzi walilitilia mkazo: rubani alipotezewa na giza fahamu ya juu na chini, na wawili wale hawakushirikiana kama ipasavyo kuangalia vyombo vyao.

Mfano wa pili unamwongeza mtendaji asiye mtu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka baada ya dakika zipatazo sita. Watu 157 walifariki, wakiwamo Wakenya 32. Vinasa vilisomwa Ufaransa, na taarifa ya awali ilitolewa tarehe 4 Aprili 2019.

Ndege ile ilikuwa na vihisi viwili vya kupima pembe ya upepo, yaani pembe ambayo bawa linakabili hewa ijayo. Muda mfupi baada ya kuruka, cha kushoto kilisoma nyuzi 74.5, na cha kulia nyuzi 15.3. Bawa moja haliwezi kuikabili hewa kwa pembe mbili. Kimoja cha vihisi hivyo kilisema uongo. Mtambo wa ndege ulikifuata cha kushoto. Ukiamini kwamba pua imeinuka mno, ulilisogeza bawa la mkia kwa sekunde 9, kutoka kipimo cha 4.6 hadi 2.1, ili kuinamisha pua, nao marubani wakashindana nao. Hapa "pua iliinama" ni dai pungufu, na "rubani aliinamisha pua" ni uongo. Ushahidi unadai kauli ya kutendwa pamoja na mtendaji wake: "pua iliinamishwa na mtambo". Kwa kuwa ajali ya namna hiyo hiyo ilikuwa imetokea Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189, ndege za aina ile zilizuiwa kuruka duniani kote.

Chanzo, sababu na kosa

Dereva mmoja wa basi huko Iguguno alilieleza jambo hili kwa ufupi. Mabasi yaendayo mikoani yana vifaa vya kufuatilia mwendo, chini ya usimamizi wa LATRA. "Kile kifaa," alisema, "kinajua nilizidisha mwendo. Hakijui kama nilikuwa nakwepa ng'ombe."

Kinasa cha ndege kinajua mengi kuliko kifaa cha basi, lakini mpaka wake ni ule ule. Kinaandika mwendo na amri. Sababu huamuliwa na watu baada ya kuongeza hali ya hewa, mabaki, mafunzo ya marubani na kumbukumbu za matengenezo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinaeleza wazi kwamba shabaha ya uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kwa hiyo katika tafsiri ya taarifa hizo yatumike sababu na kichangizi, na kosa liachiwe mahakama. Tahadhari hii ina uzito zaidi nchini mwetu tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno lililoandikwa kwa uzembe katika tafsiri laweza siku moja kusomwa mbele ya hakimu.

Istilahi zinazopendekezwa

Kinasa mwendo: chombo kinachotunza vipimo vya mwendo wa ndege na vya mitambo yake.
Kinasa sauti: chombo kinachotunza maneno ya marubani na milio ya chumba chao.
Kihisi: kifaa kinachopima jambo moja na kupeleka kipimo chake kwenye mtambo au kinasa.
Mlalio: pembe ya kushuka kwa bawa moja na kupanda kwa jingine, hutajwa pamoja na upande.
Mkao wa pua: pembe ya pua juu (chanya) au chini (hasi) ya mstari mlalo.
Mgeuko wa pua: mzunguko wa pua kushoto au kulia, mabawa yakiwa sawa.
Mwelekeo wa pua: upande ambao pua inaukabili.
Njia: mstari ambao ndege inaupita juu ya nchi.
Kimo bahari, kimo ardhi: umbali wa ndege juu ya usawa wa bahari, juu ya ardhi iliyo chini yake.
Kasi hewani, kasi ardhini: mwendo wa ndege katika hewa, juu ya nchi.
Kasi ya kushuka: kiasi cha kimo kinachopotea kwa dakika.
Mchapuko: kubadilika kwa kasi kwa kila sekunde; wa wima ni ule wa juu na chini.
Pembe ya upepo: pembe ambayo bawa linakabili hewa ijayo.
Mtambo-rubani: mtambo unaoongoza ndege badala ya mkono wa rubani.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba majina ya mwendo wa ndege yaweza kupatikana ndani ya Kiswahili bila taabu kubwa, mradi yapimwe kwa watu wasiozijua ndege na kwa walimu wanaoyajua masomo yao. Lakini orodha ya majina, hata ikiwa ndefu, haimlindi mfasiri. Kila anapofikia kitenzi katika taarifa ya ajali hana budi kusimama na kuuliza: je, kinasa kimeonyesha kwamba jambo hili lilitokea, au kwamba lilitendwa? Na kama lilitendwa, kimemwonyesha mtendaji? Jibu likiwa halimo katika taarifa, kauli isilitie.

Wasomaji, hususan walimu wa fizikia na wafasiri wa idara za serikali, wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa juu ya mlalio na mkao wa pua, ambayo bado ni mageni masikioni.